INR: namba ya kuganda kwa damu kwa anayetumia warfarini

Maswali haya ni ya wagonjwa wa moyo na wa mabonge ya damu wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande kupita kiasi, pamoja na ndugu wanaowauguza nyumbani.

Kwenye daftari la kliniki wameandika "INR 2.4". Maana yake nini?

Ni kipimo cha muda ambao damu yako inachukua kuganda. Maabara hutenga majimaji ya damu, huyatia kemikali ya kuamsha ugandaji, kisha huhesabu sekunde. Zamani majibu yalikuwa yanatatanisha, kwa sababu kemikali za viwanda mbalimbali hazina nguvu sawa: damu ileile ingeweza kupata sekunde nyingine Mbeya na nyingine Iringa. Mwaka 1983 Shirika la Afya Duniani likapitisha hesabu moja. Sekunde za mgonjwa zinagawanywa kwa wastani wa sekunde za watu wenye afya, halafu jibu linasahihishwa kulingana na nguvu ya kemikali iliyotumika. Hiyo ndiyo INR. Asiyetumia dawa hii huwa na takribani 1.

Sasa 2.4 ni nzuri au mbaya?

Inategemea unatibiwa nini. Mwenye bonge la damu mguuni au kwenye mapafu, na wengi wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, hulengwa kati ya 2 na 3. Kwao 2.4 iko mahali pake. Mwenye valvu bandia ya chuma upande wa mitrali (mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) kwa kawaida hulengwa 2.5 hadi 3.5, na kwake namba hiyohiyo ni ndogo: bonge linaweza kujijenga kwenye valvu, likachomoka na kwenda ubongoni, akapata kiharusi. Ikivuka 4.5, hatari ya kuvuja damu hupanda kwa kasi. Kwa hiyo mwombe daktari aandike lengo lako kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Bila lengo, muuguzi wa zamu asiyekufahamu hawezi kujua kama namba yako ni salama.

Nimeongezewa dozi juzi, mbona namba haijapanda?

Warfarini haiyeyushi bonge. Inalizuia ini kutumia vitamini K kutengeneza protini za kugandisha damu, lakini protini zilizokwisha tengenezwa zinaendelea na kazi hadi ziishe. Moja hupungua kwa nusu ndani ya saa chache. Nyingine, ambayo ndiyo yenye uzito zaidi, huchukua siku mbili na nusu hivi. Matokeo kamili ya dozi mpya huonekana baada ya siku 5 hadi 7. Anayejiongezea kidonge kila siku kwa kuwa "haijapanda" hujikuta wiki inayofuata fizi zinatoka damu.

Hii pia ndiyo sababu mwenye bonge jipya huchomwa sindano za heparini, dawa ya kuzuia kuganda inayofanya kazi haraka, sambamba na vidonge kwa siku zisizopungua 5, na mpaka INR ikae 2 au zaidi kwa saa 24. INR ikigusa 2 siku ya tatu, kinga bado haijakamilika. Usishinikize kuruhusiwa.

Niache mboga za majani?

Usiache. Mchicha, chainizi, figiri, majani ya maboga na kisamvu vina vitamini K nyingi, na vitamini hiyo hupunguza nguvu ya dawa. Lakini kinachovuruga namba ni kula kwa kubadilikabadilika. Huku Nyanda za Juu Kusini masika mboga zinajaa, kisha kiangazi mwenye bustani ya kinyungu, yaani ya bondeni penye unyevu, anaendelea kula kila siku huku jirani yake akihamia maharage na viazi. INR ya huyo jirani itapanda bila dozi kuguswa. Chagua kiasi unachoweza kukipata mwaka mzima, kwa mfano kibakuli kimoja kwa siku, na mlo ukibadilika kapime mapema. Parachichi la kawaida la Rungwe au Njombe halina shida. Vitamini K yake ni ndogo ukilinganisha na majani.

Ulanzi na komoni, pombe zetu za kienyeji, ni jambo jingine. Kunywa sana kwa siku moja kunaweza kupandisha INR, na mlevi huanguka akajigonga kichwa.

Dawa gani za dukani ni hatari?

Flagyl na Septrin, dawa zinazonunuliwa kirahisi sana, hupandisha INR ndani ya siku chache. Flukonazoli, dawa ya fangasi, pia. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni ni hatari kwa njia nyingine: zinaumiza tumbo na kudhoofisha chembe sahani (chembe za damu zinazoziba jeraha), hivyo unaweza kuvuja damu hata INR ikiwa nzuri. Kwa maumivu, parasetamoli ndiyo salama zaidi, ila ukiitumia kila siku kwa wiki nzima, kapime. Sindano za msuli zikwepwe.

Sampuli yangu hupelekwa hospitali ya mbali. Majibu yanaaminika?

Ndiyo, ikiwa mambo mawili yamezingatiwa. Chupa ya kifuniko cha buluu ijazwe hadi alama, kwa sababu dawa iliyomo imepimwa sehemu 1 kwa sehemu 9 za damu. Ikipungua, INR inatoka kubwa kuliko ukweli na dozi yako inapunguzwa bure. Pia sampuli isiwekwe kwenye friji. Ikae kwenye joto la kawaida la chumba na ipimwe ndani ya saa 24.

Lini niende hospitali bila kusubiri kliniki?

Choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, damu ya pua isiyokata, kichwa kuuma ghafla, kupooza upande, au kujigonga kichwa, hata ukiamka huoni jeraha. Mwanamke mwenye valvu bandia akikosa siku zake aende siku hiyohiyo, bila kuacha dawa kwanza: warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa wiki ya 6 hadi ya 12, na kuiacha ghafla kunaweza kuziba valvu.

Nimeanzishiwa dawa za kifua kikuu. Je?

Iambie kliniki ya moyo kabla ya kidonge cha kwanza. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, hulifanya ini liondoe warfarini haraka, na dozi huenda ikahitaji kuongezwa sana. Miezi 6 ikiisha, kasi hiyo hushuka taratibu kwa wiki kadhaa, na dozi kubwa iliyobaki ndiyo inayoleta kuvuja damu. Omba tarehe za kupima kila wiki kabla hujamaliza matibabu.