Mtori bila nyama si uji wa ndizi

Nikitaja mtori usio na nyama mbele ya kina mama, lazima mmoja agune: "Dada, huo si uji wa ndizi huo?" Mara nyingi ana haki. Wengi hutoa nyama sufuriani, wakaacha mengine yote kama yalivyokuwa, kisha wakashangaa kwa nini watoto wanasukuma bakuli pembeni.

Angalia mtori wa Kichagga unavyopikwa. Nyama hutangulia motoni, mara nyingi na mifupa yake, halafu ndizi zinaivia kwenye ile supu. Ladha yenyewe iko kwenye supu. Vipande vya nyama vyenyewe mara nyingi huchambuliwa na kupondwa humo humo hadi huvioni. Basi na wewe anzia kwenye supu.

Mimi hutumia maharage ya njano, kikombe kimoja na nusu kwa watu sita. Yaroweke usiku kucha, mwaga maji hayo, bandika kwa maji mapya. Yachemke sawasawa hadi yaive kabisa, maana maharage yasiyoiva yana sumu inayochafua tumbo. Maji ya kuchemshia usiyamwage, hiyo ndiyo supu yako. Nyanya na limau visiingie mapema, kwani uchachu huyakaza maharage na utamaliza gesi bure.

Huku maharage yakichemka, chana uyoga mamama robo kilo kwa vidole, sio kwa kisu. Ukaange na vitunguu maji viwili kwenye moto mkali. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea: uyoga hutoa maji mengi, mpishi akiyaona anadhani umeiva, anaepua. Acha. Maji yakauke, sufuria ianze kulia tena, kingo za uyoga zigeuke kahawia. Rangi hiyo ndiyo inayoleta ule utamu ambao ulizoea kuupata kwenye mifupa. Ndipo utie tangawizi, kitunguu saumu na nyanya moja iliyosagwa.

Ndizi ziwe mshare, 12 hivi. Pakaa mafuta mikononi kabla ya kumenya, utomvu wake hautoki kirahisi. Ziive kwenye supu ya maharage hadi zilainike, kisha ponda kwa kipekecho pamoja na nusu ya maharage, nusu nyingine ibaki nzima ili mlaji apate cha kutafuna. Changanya na rosti ya uyoga, kijiko cha siagi, na mwisho kikombe cha maziwa, moto ukiwa mdogo kabisa yasikatike.

Atakayesema umeharibu chakula cha wazee, mkumbushe kiburu. Ndizi na maharage vimekaa chungu kimoja Kilimanjaro miaka nenda rudi.

Nyama ya soya ile ya pakiti siipendi kwenye mtori, inabaki kama sponji katikati ya ndizi laini. Kwenye pilau haina shida, mradi vitunguu vikaangwe hadi viwe kahawia iliyokolea. Pilau bila nyama ikitoka nyeupe, lawama ni za vitunguu. Makande sina la kuongeza, wengi tunayala bila nyama tangu utotoni.

Sasa lishe. Gramu 100 za nyama ya ng'ombe iliyopikwa zina takriban gramu 26 za protini. Maharage yaliyopikwa, kama gramu 9. Kwa hiyo usiweke maharage ya kupambia. Madini ya chuma ya kwenye maharage mwili huyachukua kwa shida kuliko ya nyama, ila kipande cha chungwa au limau mezani husaidia sana. Chai ya rangi isubiri saa moja hivi baada ya kula, maana huzuia madini hayo. Na kwa kuwa mtori ni chakula cha mzazi: vitamini B12 haipatikani kwenye maharage wala ndizi. Mama anayenyonyesha ambaye hali nyama, samaki, mayai wala maziwa anahitaji vidonge, na hilo azungumze na mhudumu wake wa kliniki, asijipimie mwenyewe dukani.

Mtori ukibaki, asubuhi utaukuta umeganda. Ongeza maji ya moto kidogo kidogo huku ukikoroga, na maziwa mengine tia ukishaepua.