Zagero si golikipa

Shemeji yangu alipokuja Florida nilimpeleka Dania Beach akaone jai-alai, ule mchezo wa Wabaski wa Hispania na Ufaransa wa kurusha mpira ukutani kwa kikapu kirefu kilichofungwa mkononi, wawili kwa wawili. Mchezo wa pili haujaisha, akaniinamia sikioni: "Sasa shemeji, huyu wa nyuma si golikipa tu? Anayecheza ni huyo wa mbele. Wakiweka wawili wenye mkono mzito kama wake, nani atawaweza?"

Nilinyamaza, mgeni ni mgeni. Lakini neno hilo nimelisikia kwa majirani, kwa wenzangu kazini, na kwa vijana tunaofanya nao mazoezi kila Jumapili. Waulize wanataka kucheza wapi, wote wanakimbilia mbele. Mimi ni zagero, yaani mchezaji wa nyuma, wa ridhaa, miaka 12 sasa. Nimechoka kulijibu nusunusu huku nafunga sesta, hicho kikapu cha mkononi, kwa hiyo leo nalijibu lote.

Nadhani ugonjwa unaanzia kwenye kasi. Mtu akiulizia jai-alai, cha kwanza kuambiwa ni kilomita 302 kwa saa, rekodi ya José Ramón Areitio, Newport, Rhode Island, Marekani, mwaka 1979. Anaondoka akiamini mchezo wote ni nguvu, na wachezaji wawili ni nguvu mara mbili. Lakini mpira wa kasi ukigonga ukuta wa nyuma kwa juu, unarudi hadi katikati ya kancha, yaani uwanja wetu, ukiwa umejaa, na zagero wa upande wa pili anauchuma kama embe lililoiva. Mpira wa polepole kidogo unaotua pale sakafu inapokutana na ukuta wa nyuma unatoka ukisambaa chini, bila kudunda. Huo ndio chula, na chula haina dawa. Kwa hiyo mkono mzito peke yake haunitishi.

Sasa kancha yenyewe. Mita 54 hivi kwa urefu, ukuta mbele, ukuta kushoto, ukuta nyuma, na kulia wavu unaowakinga watazamaji. Kwa sababu ukuta wa pembeni uko kushoto, sote tunafunga sesta mkono wa kulia. Hapo ndipo watu wa tenisi wanapopotea. Wao wakicheza wawili wawili mara nyingi wanagawana kulia na kushoto. Sisi tunagawana mbele na nyuma: delantero, yaani mchezaji wa mbele, huko karibu na mstari wa 5 na wa 6 ukihesabu kutoka ukuta wa mbele, zagero nyuma yake. Na mpaka kati yao haujachorwa popote. Unahama kwa kila mpira.

Pea nzuri ni ile inayojua mpaka uko wapi kabla mpira haujafika. Mengine ni nyongeza.

Hesabu kidogo. Mpira wa kilomita 240 kwa saa unakula mita 66 kila sekunde. Ukitoka ukuta wa mbele, delantero hana hata nusu sekunde ya kuamua: naudaka au naupisha? Kanuni zinataka mpira udakwe kabla haujadunda mara ya pili na urushwe kwa mwendo mmoja usiosita, kwa hiyo akishaudaka hana pa kufikiria tena. Uamuzi wote uko katika kudaka au kutodaka.

Vijana wanadhani kupisha ni woga. Wanapima delantero kwa mipira aliyodaka. Mimi, nikitaka kujua delantero ana thamani gani, nahesabu mipira aliyoiacha ipite, na natazama aliiacha vipi. Akiudaka mpira uliomzidi, huku mwili umepinda na miguu haijakaa, atarusha kitu chepesi kitakachomwangukia mpinzani miguuni. Mpira huohuo angeupisha, ungegonga ukuta wa nyuma, zagero wake angeupata kwenye rebote, yaani ukirudi kutoka ukuta huo, akiwa amejipanga, akaurudisha mbali.

Kibaya kuliko kudaka vibaya ni kudaka nusu. Namaanisha yule anayeinua sesta, anaghairi, anaishusha. Mimi nikiwa nyuma namtazama bega la kulia. Likifunguka, najua anauchukua, naanza kusogea kujiandaa kwa mpira unaofuata. Likifunguka halafu akaupisha, mimi nimeshaondoka hatua mbili, na hatua mbili hizo sizirudishi. Watazamaji wanaona zagero kazembea. Hawakuona bega. Hili linaniuma, kwa sababu lawama daima inaenda nyuma.

Na akishapisha, atoke njiani, maana mpira wangu wa kurudisha utapita karibu na kichwa chake. Mwaka 1968 mchezaji aliyeitwa Orbea alipigwa na mpira kichwani, na baada ya hapo ndipo kofia ngumu zikawa lazima. Delantero anayenisimamia mbele ananilazimisha kurusha kwa hofu, na mkono wenye hofu haufikishi mpira mita 50.

Lakini nisiwadanganye kwamba kupisha ndiyo jibu la kila mpira. Ukiudaka hewani unawanyang'anya wapinzani muda wa kujipanga. Ukiupisha unawapa pumzi. Delantero mwerevu anabadilisha mpaka kulingana na zagero aliye naye na saa yenyewe. Kwenye mechi ndefu ya Kibaski ya pointi 35, mkono wa zagero unachoka. Mpira ambao pointi ya 10 ulikuwa wangu, pointi ya 30 ni wako, na usinisubiri nikuambie. Delantero anayeliona hilo mwenyewe, kwa jinsi tu ninavyovuta pumzi, huyo nitacheza naye mpaka magoti yakatae.

Nililijua hili kwa gharama. Mwanzoni na mimi nilicheza mbele, nikawa nakwapua kila kinachopita. Siku moja nilipangwa na Mbaski mmoja mtu mzima. Tulipotoka hakunigombeza. Alifungua kamba ya sesta yake mkononi, akaiweka kwenye benchi kando ya yangu. Yangu ilikuwa imelowa jasho chapachapa. Yake ilikuwa kavu. Wiki iliyofuata niliomba nihamishiwe nyuma.

Kuhusu urafiki, kwa kifupi: hauhusiki. Nimeona wasiosalimiana chumbani wakicheza kama mapacha, na wasimamizi wa harusi moja wakigongana sesta.

Kuna jambo moja sina uhakika nalo. Tunasema pea hii imeoana, ile haijaoana, lakini ushahidi wetu ni dhaifu. Florida mchezo umejengwa juu ya kubeti: timu 8, anayeshinda anabaki, anayeshindwa anakwenda mwisho wa foleni, wa kwanza kufika pointi 7 anachukua, na baada ya mzunguko wa kwanza kila pointi inahesabiwa mbili. Anayepangwa namba za mwanzo ana faida kabla hajarusha mpira. Tena pea zinapangwa ili michezo ikaribiane, zagero hodari anapewa delantero dhaifu, na kesho wanabadilishwa. Ukiniletea rekodi ya ushindi ya watu wawili, siwezi kukuambia kwa haki ni kiasi gani ni kuelewana, kiasi gani ni foleni, na kiasi gani ni mkono wa mmoja wao tu. Ninaamini kuelewana kupo. Jambo hilo nimelihisi mwilini. Kulithibitisha kwa namba nimeshindwa.

Usiku ule Dania nilimwomba shemeji kitu kimoja: mchezo unaofuata asitazame mpira, amtazame zagero wa timu moja tu. Alilalamika kidogo, akakubali. Kwenye pointi ya tatu au ya nne, delantero wao akashusha sesta mapema, akajivuta kulia, mpira ukapita. "Mbona kauacha!" shemeji akaruka. Zagero akaupata ukitoka ukuta wa nyuma, akaurusha kwa mwili mzima hadi akaanguka kifudifudi. Mpira ukagonga ukuta wa mbele juu, ukaenda kutua nyuma kabisa, mpinzani akaukwangua kwa shida, ukarudi mwepesi. Delantero akaugusa taratibu tu, ukafia chini ya ukuta wa mbele.

Watu wakasimama kumshangilia wa mbele. Shemeji alikuwa bado anatazama nyuma, kwa mtu aliyekuwa anajiinua sakafuni, anakagua matete ya sesta yake kwa kidole kama hayajavunjika.