Breki ya Ghafla Si Kosa la Dereva

Kila msimu wa korosho unapofunguliwa na malori kuanza kushuka kutoka Tandahimba, Newala na Masasi kuelekea maghala ya Mtwara mjini na bandarini, simu yangu huanza kuita kwa jambo lilelile. Tajiri wa malori amefungiwa mfumo wa kufuatilia magari wenye akili mnemba, amepata ripoti ya mwezi, na katika ripoti hiyo dereva wake mmoja ana breki za ghafla nyingi kuliko wenzake. Anachotaka kwangu ni nithibitishe tu kwamba mfumo haukosei, ili amkate dereva posho ya safari au amwachishe kazi kabisa. Hoja yake haibadiliki: mashine haina upendeleo, na aliyemuuzia amesema usahihi wake ni asilimia 99. Nimelijibu jambo hili mara nyingi mno, kwa simu na ana kwa ana, na sasa naliandika kwa urefu, kwa sababu riziki za watu zinakatwa kutokana na kutoelewa mambo mawili: mfumo huo unatambua nini hasa, na asilimia 99 hiyo ni asilimia ya nini.

Kuhusu vifaa nitapita haraka. Kisanduku kinachofungwa chini ya dashibodi kina GPS inayotoa mahali na spidi, kwa kawaida mara moja kila sekunde, pamoja na kihisi cha mchapuko, yaani cha kasi ya badiliko la mwendo, kinachopima mara 50 au 100 kwa sekunde katika mihimili mitatu: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Vilivyo bora zaidi vina jiroskopu, kihisi cha mzunguko. Mkondo huo wa namba hukatwa vipande vya sekunde chache, kila kipande hukokotolewa wastani, kilele, mtawanyiko na badiliko la spidi, kisha modeli, yaani programu iliyojifunza kwa mifano, iwe ya miti ya uamuzi au ya mtandao wa neva, hukipa kipande hicho jina: breki ya ghafla, uchapukaji mkali, kona kali, tuta, au mwendo wa kawaida. Kazi ya modeli inaishia hapo. Hakuna mahali popote katika mkondo huo ambapo uzembe umepimwa, kwa hiyo hakuna namna modeli inavyoweza kuutoa upande wa pili.

Chukua tukio moja ambalo huwa nawaonyesha watu pamoja na video yake. Lori lililosheheni korosho linatoka Masasi na limefika karibu na Nyangao. GPS inaonyesha spidi ya kilomita 62 kwa saa, na sekunde mbili baadaye inaonyesha 41. Huo ni upungufu wa takriban mita 2.9 kwa sekunde kila sekunde, yaani karibu 0.3 ya mvutano wa dunia, na hicho ndicho kizingiti ambacho mifumo mingi hutumia kuhesabu breki ya ghafla. Kwenye video, bodaboda iliyofunga magunia mawili ya mkaa inachomoka kutoka kwenye njia ya vumbi upande wa kushoto, na aliyeiendesha hakutazama barabara hata kidogo. Dereva wa lori anafunga breki, hahami upande wake, tela haliyumbi, na bodaboda inavuka salama. Modeli ilikiita kipande hicho breki ya ghafla, nayo ilikuwa sahihi kabisa. Halafu ripoti ililichukua jibu hilo sahihi na kuliweka kwenye safu yenye kichwa kinachosema "makosa ya dereva". Kichwa hicho kiliandikwa na mtu aliyetengeneza ripoti, hakikutoka kwenye data, na ndicho kinachomnyima posho dereva aliyeokoa maisha ya mtu.

Wapo wanaonijibu kwamba tukio moja linaweza kuwa bahati mbaya, lakini wingi wa matukio hauwezi kuwa bahati mbaya. Ni kweli kwamba wingi una sababu, ila sababu hiyo mara nyingi ni njia. Dereva anayekusanya korosho vijijini mchana hupita kwenye matuta, watoto wa shule, mbuzi na minada. Mwenzake anayekwenda Dar es Salaam usiku kupitia Nangurukuru na daraja la Mkapa hukaa kwenye lami nyoofu kwa muda mrefu bila kugusa breki. Ukiwapanga kwa idadi ya matukio bila kugawanya kwa kilomita, kwa aina ya barabara na kwa saa za safari, umepanga njia zao kisha ukaziandika majina ya watu. Mwezi Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya na mvua zake kuikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam katika maeneo ya Somanga, magari yaliyoruhusiwa kupita yalipita kwenye michepuko ya dharura. Barabara inapogeuka hivyo, alama za madereva hushuka bila wao kubadilisha chochote.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi zaidi, nalo ni dereva mwenye ripoti safi. Fikiria lori lenye uzito wa jumla wa tani 45 likishuka kutoka nyanda za juu za Makonde, kwenye mteremko wa Newala kuelekea Masasi. Kwa kila mita 100 ambazo lori hilo linashuka, kuna takriban megajuli 44 za nishati ambazo lazima ziende mahali fulani: zimezwe na injini kupitia gia nzito, zichukuliwe na upepo, au ziishie kwenye breki kama joto. Dereva anayeshuka kwa gia nyepesi huku akikanyaga breki mfululizo anapasha moto madramu, madramu yanatanuka na kuziacha brekishuu, na breki zinaanza kupotea. Kihisi cha mchapuko kinaona nini wakati wote huo? Kwenye mteremko wa asilimia 8 kinasoma takriban 0.08 bila kubadilika, mbali sana na 0.3, na mifumo mingi huichuja namba hiyo kwa kudhani kwamba ni mwinamo wa kifaa. Ripoti itaandika mwendo wa kawaida.

Hali ya anayeshuka kwa gia huru ili abane mafuta ni mbaya zaidi. Lori likiachwa liteleze na spidi ikipanda taratibu, mvutano unalivuta lori na kihisi kilichomo ndani yake kwa pamoja, kwa hiyo kihisi husoma karibu na sifuri kwenye mhimili wa mbele na nyuma. Kadiri lori linavyokuwa huru kwenye mteremko ndivyo kifaa kinavyonyamaza. GPS ikiulizwa spidi na mwinuko kwa pamoja inaweza kulionyesha jambo hili, na lori jipya linalotoa taarifa za pedali na gia kupitia mtandao wake wa ndani wa J1939 linaweza kulionyesha vizuri zaidi, lakini ni lazima mtu awe ameifundisha modeli kuitafuta hali hiyo. Mfumo uliofundishwa kutafuta vilele hautaiona. Matokeo yake ni kwamba anayefunga breki kwa sababu ya bodaboda anakatwa posho, na anayeteremsha tani 45 kwa gia huru anaitwa dereva bora wa mwezi.

Vizingiti vyenyewe vina matatizo yake. Kifaa kikifungwa kimeinama nyuzi 10 na kisisawazishwe, kimeshapokea 0.17 ya mvutano kabla lori halijaondoka, na hiyo ni zaidi ya nusu ya kizingiti. Fundi aliyekifunga kwa haraka kando ya barabara ana mchango katika ripoti ya dereva kuliko tajiri anavyodhani. Vilevile, kizingiti cha gari dogo hakifai kuhamishiwa kwenye lori. Kanuni ya 13 ya Umoja wa Mataifa kuhusu breki za magari makubwa inataka lori lifikie angalau mita 5 kwa sekunde kila sekunde linapofunga breki kwa nguvu zote, wakati kwa magari madogo kiwango kinachotakiwa ni mita 6.43. Kwa hiyo 0.3 ileile kwa lori lililosheheni ni sehemu kubwa zaidi ya uwezo wake wote wa kusimama. Kwenye kona tofauti ni kubwa pia: kona yenye nusu kipenyo cha mita 100 ikipigwa kwa kilomita 60 kwa saa inatoa 0.28 kwa upande. Pikapu haitajali, ila lori lililorundikiwa magunia hadi juu linapaswa kujali sana, na kifaa hakijui magunia yamefika wapi.

Nirudi kwenye asilimia 99. Nitatoa mfano wa namba za kukokotoa tu. Tuseme safari zimekatwa vipande 10,000, na kati ya hivyo breki za ghafla za kweli ni 50, kwa sababu muda mwingi lori huwa linatembea tu. Tuseme modeli inazikamata 45 kati ya hizo 50, jambo ambalo ni zuri, na inakosea kwa kipande kimoja tu katika kila 100 vya mwendo wa kawaida, jambo ambalo pia linasikika zuri. Vipande vya kawaida ni 9,950, kwa hiyo kengele za uongo zitakuwa karibu 100. Jumla ya kengele ni takriban 145, na zilizo za kweli ni 45. Yaani katika kila kengele kumi zinazomfikia tajiri, takriban saba si breki za ghafla kabisa. Ni matuta, mashimo, au kifaa kilicholegea. Ukihesabu majibu yote sahihi, utapata 9,895 kati ya 10,000, ambayo ni asilimia 98.95. Muuzaji ataizungushia hadi 99 na hatakuwa amesema uongo. Modeli ya pili ambayo haifanyi kazi yoyote, inayojibu "mwendo wa kawaida" kwa kila kipande, ingepata asilimia 99.5. Ndiyo maana ninamwomba kila anayenitajia asilimia hiyo aniambie mambo mawili badala yake: katika kengele zilizolia ni ngapi zilikuwa za kweli, na katika matukio ya kweli ni mangapi yalikamatwa.

Kisha ninauliza namba hizo zilipatikana kwa kupima nini. Wengi huchanganya vipande vyote, huchukua baadhi kufundishia modeli na vilivyobaki kuipima, bila kujali kwamba vipande vya sekunde zinazofuatana katika safari moja ya lori moja vimeangukia pande zote mbili. Ni sawa na kumfundisha mtu kupanga madaraja ya korosho kwa gunia moja, kisha ukampa mtihani kwa korosho za gunia hilohilo. Modeli inakuwa imelikariri lori, mtetemo wake na namna kifaa kilivyofungwa. Upimaji wa haki hutenga madereva na malori ambayo modeli haijawahi kuyaona, na mara nyingi alama hushuka mara tu unapofanya hivyo. Mimi hutenga na barabara pia, kwa sababu modeli iliyojifunza kwenye lami ya Mingoyo hadi Masasi haina sababu ya kuielewa njia ya changarawe na vumbi.

Kuna mashaka ambayo vitabu huyapitia juujuu, nami sitaki kuyaficha. La kwanza ni majina tunayoyatumia kufundishia. Mtu hukaa mbele ya video na kusema hii ni breki ya ghafla, hii siyo. Waweke watu wawili wazoefu na watatofautiana, hasa kwenye matukio yaliyo karibu na kizingiti, na modeli itajifunza kutokukubaliana kwao kana kwamba ni ukweli. Mimi nimeamua kuweka kundi la "haijaamuliwa", ingawa wateja hawalipendi na ingawa sijui mahali sahihi pa kuuchora mpaka wake. La pili ni kubwa zaidi: ajali ndani ya kampuni moja, kwa neema ya Mungu, ni chache mno kuweza kuonyesha kwa data yake yenyewe kwamba kupunguza breki za ghafla kunapunguza ajali. Utafiti wa magari 100 uliofanywa na Virginia Tech nchini Marekani ulitumia vihisi kuchagua matukio ya kutazamwa, kisha watu wakatazama video za matukio hayo ili kuamua kama kulikuwa na hatari. Watafiti wale, pamoja na vifaa vyao vyote, waliichukulia kengele ya kihisi kuwa sababu ya kufungua video. Sioni kwa nini tajiri wa Mtwara aichukulie kuwa hukumu.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoyadai kabla sijakubali kuweka saini yangu kwenye mfumo wa mtu. Safu ya "makosa ya dereva" ibadilishwe jina iwe "matukio". Kila tukio liambatane na sekunde kumi za kabla na kumi za baada, zikiwa na spidi, mahali, mwinuko na video ikiwapo. Idadi igawanywe kwa kilomita, na dereva alinganishwe na wenzake wa njia ileile. Dereva mwenyewe aone tukio na aeleze kabla shilingi yake haijaguswa, na utingo aulizwe pia kwa sababu naye alikuwepo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki kuhusu maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake, na dereva wa lori ni mtu. Wanaokubali masharti haya hulalamika kwamba kazi ya kupitia matukio inachukua muda. Inachukua, na muda huo unapaswa kuwekwa kwenye bei ya mfumo tangu siku ya kuununua.