Kutajiana mshahara siyo kuvunja sheria

Hii ya kwamba ukimtajia mwenzako mshahara wako umevunja sheria ni imani ya kitambo sana, huku Dodoma vijana wa mahotelini na maduka ya jumla wanaambiwa siku ya kwanza tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haina katazo hilo jamani. Tena kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kazini, malipo yakiwemo, na ukionyesha dalili zake basi mwajiri ndo anatakiwa athibitishe haukuwepo. Sasa utazionaje hizo dalili kama hamuambiani? Watumishi wa pale Mtumba, kwenye mji wa serikali, mtu akisema yuko TGS D, yaani ngazi ya mshahara serikalini, wenzake wanajua anaanzia wapi, na kazi zinaenda.

Mkataba ukiwa na kipengele cha usiri kisome vizuri kabla hujasaini, ila hakifuti haki yako ya kutobaguliwa. Na kupishana mshahara peke yake siyo uonevu, uzoefu na majukumu vinahesabika, shida ni dada na kaka wako kaunta moja, zamu moja, kazi ileile, salari slipu zinapishana na sababu hakuna. Anza na HR au chama cha wafanyakazi, ikigoma nenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ila usichelewe, migogoro isiyo ya kuachishwa kazi inapelekwa ndani ya siku 60.