Si Hitler Aliyeipiga Marufuku

Nimekutana nalo tena wiki hii, na safari hii kwenye makala ya mtu aliyesoma na ninayemheshimu: kwamba Anders als die Andern, filamu bubu ya Kijerumani ya mwaka 1919 iliyotetea haki za mashoga waziwazi, ilipigwa marufuku na Wanazi. Wapo wanaozidisha, wakadai Wanazi waliichoma na vipande tunavyotazama leo ndivyo vilivyonusurika motoni. Wanafunzi wanaokuja kujifunza kukagua mikanda ya zamani hufika na habari hiyo kichwani, na watazamaji huniuliza kuhusu moto kabla hata hawajaketi. Kazi yangu ni kurejesha filamu bubu, na uvumi huu umenichosha.

Filamu hii ilipigwa marufuku mwaka 1920. Mwaka huo Hitler alikuwa akihutubia kwenye kumbi za bia za Munich, hana ofisi ya serikali wala kiti bungeni. Iliyokuwa madarakani ni jamhuri, yenye bunge lililochaguliwa na wanaume kwa wanawake na katiba ambayo wanasheria wa nchi nyingi waliisifu. Waliopima filamu walikuwa madaktari wenye majina makubwa. Mambo yalifanyika kwa utaratibu, kwa sheria, na sababu zikatolewa kwa maandishi. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke, maana tukimtwisha Hitler kila kitu, wale wengine wote wanaondoka na mikono safi.

Kwa wasioijua, niieleze haraka. Richard Oswald aliiongoza, na aliiandika pamoja na Magnus Hirschfeld, daktari wa Berlin ambaye mwaka 1897 aliunda kamati ya kudai kifungu cha 175 cha sheria ya jinai kifutwe. Kifungu hicho, cha tangu 1871, kilifanya mapenzi kati ya wanaume kuwa kosa la kifungo. August Bebel, kiongozi wa wasoshalisti, aliunga mkono ombi la kamati bungeni mwaka 1898, halikufika popote. Filamu ilizinduliwa Berlin mwezi Mei 1919, na Julai Hirschfeld akafungua taasisi yake ya elimu ya jinsia katika mji huohuo. Conrad Veidt, ambaye wengi wenu mnamjua kama yule meja Mjerumani katika filamu ya Casablanca, anaigiza Paul Körner, mpiga fidla mashuhuri anayempenda mwanafunzi wake, Kurt. Mtu aitwaye Bollek anawaona wakitembea pamoja, naye anaanza kudai pesa ya kufunga mdomo. Na kwa wanaopenda kubishana kama ni filamu ya kwanza duniani kuhusu mapenzi ya wanaume: mwongozaji Mauritz Stiller alishatengeneza Vingarne kule Sweden mwaka 1916. Jipya la Oswald na Hirschfeld ni kwamba waliitaja sheria kwa namba yake na kuishitaki mbele ya watazamaji.

Sasa tuje kwenye marufuku yenyewe, ambayo vitabu huimaliza kwa sentensi moja.

Novemba 1918, Kaiser, yaani mfalme wa Ujerumani, alipoangushwa, serikali ya mpito ilifuta udhibiti wa kila aina. Kwa mwaka mmoja na nusu hivi, nchi haikuwa na bodi ya taifa ya kukagua sinema, na Oswald alipita kwenye mwanya huo. Hakupita peke yake. Zilifumuka filamu nyingi zilizojiita za elimu, nyingine zikitafuta tiketi tu, na Oswald mwenyewe alikuwa mfanyabiashara aliyejua watu wanalipia nini. Ghasia zikazuka kwenye kumbi. Wapinzani wakalishika jambo la Oswald na Hirschfeld kuwa Wayahudi na kulifanya hoja. Munich na Stuttgart zikazuia maonyesho. Katiba ya Agosti 1919, ibara ya 118, ilitamka kwamba hakuna udhibiti, kisha katika ibara hiyohiyo ikaruhusu sinema iwekewe sheria yake. Tarehe 12 Mei 1920 sheria hiyo ikapita, na bodi zikaundwa Berlin na Munich.

Filamu ya Körner ikapelekwa kwa wataalamu watatu wa magonjwa ya akili: Emil Kraepelin, Albert Moll na Siegfried Placzek. Aliyesomea udaktari wa akili hawezi kukwepa jina la Kraepelin, kwani ndiye aliyeyapanga magonjwa hayo katika makundi ambayo athari yake ipo hadi leo. Wote watatu walikuwa wapinzani wa Hirschfeld. Walisema filamu imeegemea upande mmoja, inakionyesha kifungu cha 175 kwa ubaya, itawachanganya vijana na inaweza kuwavuta. Uamuzi ukawa kwamba umma usiione, madaktari na watafiti waruhusiwe.

Hoja iliyobeba uamuzi huo si uchafu wa picha. Kosa la filamu ni kwamba ilichukua upande. Na kuwaachia madaktari peke yao kunaonyesha kwamba hawakuiona kuwa sumu kwa kila macho. Waliogopa isije ikamfikia fundi cherehani, karani, mama mwenye mtoto wa kiume, na kijana mwenyewe aliyekaa gizani akidhani yuko peke yake duniani. Maarifa yaleyale yakiwa kwenye kabati la daktari ni sayansi, yakitoka kwenda kwa watu yanaitwa uchochezi.

Kuna mtu huniambia kila mara kwamba wakati ule filamu ilikuwa salama mradi shoga afe mwishoni. Körner anakufa. Anajiua kwa sumu, na marufuku ikaja vilevile. Kwa hiyo kifo chake hakikuisaidia filamu kitu, na sababu imo kwenye onyesho la mahakama, ambalo ningependa kila anayeandika juu ya filamu hii alitazame mara mbili.

Körner amechoka kulipa. Bollek anamvamia nyumbani, wanapigana, na mambo yanafika mahakamani. Sheria ni msumeno: Bollek anafungwa miaka mitatu kwa kudai pesa kwa vitisho, na Körner, aliyekuwa mlalamikaji, anafungwa kwa kifungu cha 175. Anafungwa wiki moja. Jaji anamhurumia kabisa na kumpa adhabu ndogo. Mtazamaji aliyezoea tamthilia za mahakama hapo anashusha pumzi, maana wiki moja mtu huimaliza. Lakini anaporudi nyumbani kabla ya kuanza kifungo, marafiki wamemkwepa, kazi ya jukwaani imekwisha, na familia yake inamwambia imebaki njia moja tu ya heshima. Hirschfeld na Oswald wangeweza kumpa miaka mitano na jaji katili, wakatutoa machozi kirahisi. Wakachagua jaji mpole na wiki moja. Wanasema hukumu inaweza kuwa nyepesi kama unyoya na bado ikaua, kwa sababu kinachoua ni kuandikwa mhalifu. Hoja kama hiyo huwezi kuijibu kwa kulegeza adhabu, nadhani ndiyo maana iliwaudhi watu wa sheria wenye nia njema kuliko ilivyowaudhi wakali.

Filamu inaanza Körner akisoma gazetini habari za watu waliojiua, kila mmoja akiandikiwa sababu ya juujuu, naye anajua kilicho nyuma yake. Kwa hiyo kifo chake cha mwisho ni habari moja zaidi ya gazeti, ila sisi sasa tunaijua sababu. Juu ya maiti, daktari anayeigizwa na Hirschfeld mwenyewe anamzuia Kurt asijiue na kumtaka aishi aipiganie haki. Kisha mkono unakifuta kifungu cha 175 kwenye kitabu cha sheria. Mwaka 1919 huo ulikuwa mwito wa kubadili sheria ya nchi, kwa jina na kwa namba.

Mwaka 2018 Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya ilipoizuia Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu wasichana wawili wanaopendana, mwongozaji huyo alieleza kwamba bodi ilitaka mwisho ubadilishwe kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Watu wengi wakahitimisha kwamba mwisho wa huzuni ungeiokoa. Kwa niliyoyaona Berlin, nina mashaka. Bodi haihesabu maiti. Inauliza lawama imemwangukia nani.

Na msomaji wa Dar es Salaam asidhani kifungu cha 175 kilibaki Ulaya. Gavana Albrecht von Rechenberg, aliyeitawala Afrika Mashariki ya Wajerumani kuanzia 1906 hadi 1912, alichukiwa na walowezi kwa kupendelea kilimo cha wakulima Waafrika kuliko mashamba yao makubwa. Gazeti lao la Dar es Salaam likamzushia tuhuma za kulala na wanaume, na kashfa ikafika mahakamani. Ugomvi ulikuwa wa ardhi, vibarua na sera. Kifungu kikawa fimbo iliyokuwa karibu. Bollek alitaka pesa, walowezi walitaka gavana aondoke, na wote walijua pa kushika.

Tukirudi kwenye mkanda. Kama si moto wa Wanazi, mbona imebaki nusu? Mwaka 1927 Hirschfeld alitoa filamu nyingine ya elimu, Gesetze der Liebe, na ndani yake akaweka toleo lililofupishwa la hadithi ya Körner. Nakala ya sehemu hiyo, yenye vibao vya maandishi kwa Kiukraini, ilikutwa kwenye hifadhi ya filamu ya Kisovieti. Filamu ya awali ilikaribia saa moja na nusu; kilichopatikana hakifiki saa moja. Jumba la filamu la Munich likaijenga upya kwa kuunganisha mkanda huo na picha mgando, pamoja na nyaraka za zamani zinazosimulia hadithi nzima. Kwa hiyo mapengo mengi mnayoyaona yalikatwa kwa mkasi wa mwandishi wake mwenyewe, akiitafutia njia ya kupita tena mbele ya bodi. Ukiliweka kando hilo, huelewi kwa nini Else, dada yake Kurt anayeigizwa na Anita Berber, anapita kama kivuli: alikuwa na hadithi yake, lakini hakuhitajika kwenye somo la 1927.

Wanazi hawahitaji kuongezewa maovu. Tarehe 6 Mei 1933 waliivamia taasisi ya Hirschfeld, na tarehe 10 vitabu vyake vikachomwa hadharani. Mwaka 1935 wakakifanya kifungu cha 175 kuwa kikali zaidi, na wanaume waliohukumiwa kwacho wakaishia kambini. Hirschfeld alifia uhamishoni Nice mwaka huohuo. Karl Giese, mwenzi wake na mtunza kumbukumbu za taasisi, anayeigiza Körner wa utotoni katika filamu hii, alijiua Brno mwaka 1938. Haya yote ni kweli na yanauma. Ila Wanazi walikikuta kifungu, walizikuta bodi, na waliikuta filamu imekwisha kufungiwa kabatini kwa miaka kumi na mitatu.

Nina mashaka yangu pia, na vitabu vya kozi huyapita kimya. Filamu inatuomba tumhurumie Körner kwa kuwa ni msanii mkubwa, mstaarabu, mwenye nyumba nzuri. Katika ndoto yake anaona msafara wa watu mashuhuri, akina Leonardo da Vinci, Tchaikovsky na Oscar Wilde, wakipita chini ya upanga wa 175. Msafara huo ulinisisimua nilipokuwa kijana. Sasa unanitatiza. Mpakia makaa au mpishi wa hotelini aliyekamatwa kwa kifungu hichohicho hayumo, na masikini pekee mwenye uzito kwenye hadithi ni Bollek, yaani mwovu. Sidhani Hirschfeld alikuwa na dharau. Taasisi yake ilipokea watu wa kila tabaka. Nadhani alikadiria kwamba majaji wangesikia jina la Tchaikovsky kabla ya kusikia jina la mpakia makaa, na huenda alikadiria sawasawa. Bado inaniuma.

Shaka la pili ni la kazini. Tunapoziba pengo kwa picha mgando moja na kibao kirefu cha maelezo, tunaamua kasi, tunaamua macho yakae wapi, tunaamua hata huzuni idumu kwa muda gani. Veidt aliigiza kwa mabega na vidole. Mwonyeshe kwa picha moja amesimama, umemnyang'anya nusu ya uigizaji wake. Mara nyingine naona pengo tupu, skrini nyeusi kwa sekunde kadhaa, lingekuwa la haki zaidi kwake. Wenzangu wengi hawakubaliani nami, wakisema mtazamaji atapotea, na wana hoja.

Ukiipata, itazame toleo la Munich, na uhakikishe kasi si ya filamu za sauti, maana watu wakianza kutembea kama wanakimbia, onyesho la mahakama linageuka kichekesho. Ukifika kwenye picha zisizosogea, usiruke mbele. Soma vibao vyote, ukijua kwamba baadhi vimeandikwa upya na watu wa fani yangu kutokana na nyaraka za zamani.