Fediverse ni nini, na kwa nini mila zake zina uzito

Fediverse ni mkusanyiko wa mitandao ya kijamii inayoendeshwa na watu na vikundi mbalimbali, kila kimoja kwenye seva yake, yaani kompyuta inayohifadhi akaunti na posti, lakini yote ikiwasiliana. Aliye kwenye seva moja anaweza kumfuata aliye kwenye seva nyingine, akamjibu na kusambaza posti zake, kama mwenye Gmail anavyomwandikia mwenye Yahoo. Kinachowezesha hayo ni itifaki, yaani kanuni za mawasiliano kati ya seva, iitwayo ActivityPub, ambayo W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, liliipitisha Januari 2018. Programu maarufu zaidi ni Mastodon, iliyoanzishwa na Eugen Rochko nchini Ujerumani mwaka 2016. Ipo pia Lemmy kwa mijadala ya makundi, Pixelfed kwa picha na PeerTube kwa video. Wengi walianza kuisikia Mastodon mwishoni mwa 2022, Elon Musk alipoinunua Twitter.

Makao makuu hakuna. Hakuna kampuni inayoweza kumfukuza mtu kutoka Fediverse yote, wala inayoweza kumlinda kila mahali. Kila seva ina msimamizi wake, mara nyingi mtu anayejitolea baada ya saa za kazi na kulipia gharama kwa michango ya watumiaji. Kwa hiyo mambo ambayo kwingine huamuliwa na mitambo ya kampuni, huku yameachiwa mila. Mgeni akizipuuza hataona kosa lolote kwenye skrini yake. Ataona tu kwamba watu hawamjibu.

Kwenye Mastodon, ukurasa wako wa mwanzo hupanga posti kwa kufuata muda zilipoandikwa. Ukibonyeza nyota kwenye posti ya mtu, yeye anapata taarifa kwamba umeipenda, lakini wafuasi wako hawaletewi posti hiyo. Ukitaka waione, uisambaze. Ndiyo maana wenyeji husambaza sana posti za wengine, hasa za wageni wenye wafuasi wachache. Mgeni naye hutarajiwa kuandika posti ya kujitambulisha: anafanya nini, anapenda kuzungumzia nini, na hashitagi za mambo hayo. Hashitagi hizo si pambo. Kwa miaka mingi kutafuta kwenye Mastodon kulitegemea hashitagi, na hadi leo posti za mtu hazitafutiki kwa maneno yake mengine mpaka mwenyewe aruhusu.

Mila ninayoipenda kuliko zote ni ya kuelezea picha. Ukiweka picha ya chakula cha mchana, unatarajiwa kujaza sehemu ya maelezo: "Sinia la pilau, kachumbari pembeni, ndizi mbivu mbili na bilauri ya juisi ya ukwaju." Asiyeona husomewa maneno hayo na simu yake, naye akaingia kwenye mazungumzo pamoja na wengine. Hashitagi nazo huandikwa kwa kuanza kila neno na herufi kubwa: #ChakulaChaPwani, si #chakulachapwani, kwa kuwa hiyo ya mwisho programu ya kusoma skrini huweza kuitamka kama neno moja lisiloeleweka. Wapo watu wasiosambaza kamwe picha isiyo na maelezo, hata iwe nzuri namna gani. Naona wana haki.

Mila ya onyo la maudhui ina utata zaidi. Mastodon inakuruhusu kuficha posti nyuma ya mstari mfupi, kwa mfano "siasa", "msiba" au "mwisho wa tamthilia", na msomaji anaamua mwenyewe kufungua au kupita. Kwa habari za mauaji, au kwa mtu anayesimulia ugonjwa wake, hiyo ni huruma ya kweli. Lakini wimbi la wageni lilipoingia 2022, watumiaji Weusi walilalamika hadharani kwamba kila wakizungumzia ubaguzi wanaokutana nao, wanaambiwa wauweke nyuma ya onyo ili wengine wasisumbuke. Hapo mila iliyobuniwa kumlinda aliyeumia ilitumika kumnyamazisha. Nionavyo, mwenye kuamua kuhusu onyo ni yule anayesimulia yaliyomkuta, na msomaji aliyechoka ana vichujio vya maneno kwenye akaunti yake.

Ujumbe wa faragha nao una mtego. Kwenye Mastodon ni posti ya kawaida ambayo huonekana na waliotajwa tu. Ukimsema mtu wa tatu humo na ukaandika anwani yake kamili yenye alama ya @, naye anauona! Isitoshe, haujafungwa kwa usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, hivyo wasimamizi wa seva zinazohusika wana uwezo wa kuusoma. Mambo ya siri yapelekwe kwingine.

Nguvu ya mila hizi inaonekana zaidi pale seva moja inapokata mawasiliano na nyingine. Msimamizi anaweza kuipunguzia seva sauti, yaani posti zake zisionekane hadharani ila kwa wanaomfuata mwandishi, au kuifungia kabisa, na hapo hata wafuasi wa pande zote mbili hupotea. Mwaka 2019 Gab, mtandao uliojulikana kwa kukaribisha watu wa siasa kali za kulia, ulihamia kwenye programu ya Mastodon. Hakuna aliyeweza kuuzuia, kwa kuwa programu hiyo ni huria, yaani yeyote anaweza kuichukua na kuitumia, lakini seva nyingi ziliufungia mlango na ukabaki ukizungumza peke yake. Juni 2023 ilitokea kesi ya aina nyingine: Beehaw, seva ya Lemmy, ilikata mawasiliano na seva mbili kubwa zilizoandikisha yeyote bila mchujo, kwa sababu wasimamizi wake wachache walishindwa kudhibiti wingi wa watu. Waliokatwa wengi hawakuwa wamekosa lolote. Ndilo jambo gumu la mfumo huu: adhabu au tahadhari huwekewa seva nzima, na mtu mpole hukatwa pamoja na jirani yake mkorofi.

Kwa hiyo kabla ya kujiandikisha, fungua ukurasa wa maelezo wa seva. Soma kanuni zake, angalia nani anaisimamia na, kama imeorodhesha, ni seva zipi imezifungia. Ukikosea unaweza kuhama, na Mastodon itawahamisha wafuasi wako, ila posti za zamani zitabaki ulikotoka. Na unapoandika kwa Kiswahili, badilisha lugha ya posti iwe Kiswahili. Ukiacha Kiingereza, aliyechagua kuona posti za Kiswahili kwenye kurasa za umma hataiona yako.