Kuwahi kusajili jina la kikoa si kulimiliki

Wapo wanaoamini kwamba anayewahi kusajili jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti kwenye intaneti, linalofanana na la kampuni mashuhuri amejipatia mali, na kwamba kampuni hiyo haitakuwa na budi ila kulinunua kwa bei yoyote atakayoitaja. Ni kweli kwamba usajili hupewa anayetangulia kuomba; lakini kuwahi si sawa na kuwa na haki.

Tangu mwaka 1999, ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina hayo, lina utaratibu wa kutatua migogoro ambao kila anayesajili jina la .com huukubali ndani ya mkataba wake, ingawa nadhani ni wachache wanaousoma. Mwenye alama ya biashara hutakiwa kuthibitisha kwamba jina linafanana na alama yake kiasi cha kuwachanganya watu, kwamba aliyelisajili hana maslahi halali juu yake, na kwamba lilisajiliwa na linatumiwa kwa nia mbaya. Kulisajili kwa lengo hasa la kumuuzia mwenye alama kwa bei inayozidi gharama zilizotumika kumetajwa waziwazi kuwa ushahidi wa nia hiyo, hivyo barua pepe ya kutangaza bei, ambayo muuzaji huidhani kuwa mwanzo wa faida, huweza kugeuka kielelezo dhidi yake. Akishindwa, jina huhamishwa au hufutwa, naye halipwi chochote.

Biashara yenyewe si haramu. Maneno ya kawaida huuzwa kihalali: voice.com liliuzwa mwaka 2019 kwa dola milioni 30.